Friza za mama karanga na kijana wa elfu 25

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha mama karanga, yaani kina mama wanaokaanga na kuuza samaki, hapa Mtongwe, Likoni, Mombasa. Tumeanzisha mchango mtandaoni tupate shilingi 900,000 za kununua friza mbili za sola tuziweke dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, wasituharibikie. Hatujaweka tarehe ya mwisho. Wiki ya tatu hii tumefika 70,000, na karibu zote zimetoka kwa jamaa zetu. Kuna kijana ametwambia tumlipe 25,000 atuandikie taarifa kwa vyombo vya habari na kuisambaza kwenye tovuti 300. Tumlipe? Na tukijiandikia wenyewe, tuandike nini na tumpelekee nani?

Jibu: Dada yangu, msimlipe.

Sisemi kijana ni mwongo. Pengine hizo tovuti 300 zipo, na taarifa yenu itatokea kwenye zote. Tatizo ni nani anayezisoma. Huduma za kusambaza taarifa zina wateja wao wa haki. PR Newswire, kwa mfano, iko Marekani tangu mwaka 1954, na kampuni zinazouza hisa sokoni huitumia kwa sababu zinatakiwa kuwafikishia wawekezaji wote habari kwa wakati mmoja. Lakini pembeni yake zimezuka huduma za bei rahisi zinazobandika maneno yaleyale kwenye kurasa zisizo na mhariri wala msomaji. Waliokuwa wakizilipia zamani walifuata viungo (linki) vya kurudi kwenye tovuti zao, ili Google iwapandishe juu kwenye utafutaji. Mwaka 2013 Google yenyewe ikatangaza kwamba viungo vya kupachikwa namna hiyo ndani ya taarifa za kusambazwa inavihesabu kuwa ni hila. Kwa elfu 25 mtapata orodha ndefu ya viungo vya kuonyeshana kwenye grupu la WhatsApp, na mchango utabaki palepale.

Kama hizo elfu 25 mnazo kweli, zitieni kwenye mchango wenu kwa jina la wanachama. Nitakueleza huko mbele kwa nini.

Swali lako la pili ndilo lenye nyama. Watu wengi wakiandika taarifa kwa vyombo vya habari huandika barua ya kuomba, wakaiwekea kichwa cha herufi kubwa. Taarifa haiombi. Kazi yake ni kumpa mhariri habari ambayo angeitaka hata kama nyinyi msingekuwa na mchango wowote, na mchango uingie humo kwa sentensi mbili tu, karibu na mwisho. Mhariri wa Mombasa kila siku anapokea ujumbe wa kikundi fulani kinaomba wahisani: madrasa inataka bati, timu inataka jezi, mgonjwa anataka kwenda India. Hana moyo wa jiwe, ila akiitoa moja itabidi azitoe zote. Kwake kuanzisha mchango si habari. Habari ni jambo lililotokea, au lililopimwa, ambalo jana halikujulikana.

Tazama dau la Flipflopi la kule Lamu. Mafundi walichukua kama tani 10 za plastiki iliyookotwa, wakaunda chombo, wakakivika vipande vya ndala kuukuu zipatazo 30,000, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kilomita 500 kutoka Lamu hadi Zanzibar. Vyombo vya habari vya dunia nzima viliandika. Hakuna aliyeandika kwamba kuna watu Lamu wanataka ufadhili wa mazingira. Waliandika kwamba dau la ndala limetweka tanga. Au chukua BRCK, kile kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi kwa ajili ya sehemu ambazo umeme hukatikakatika. Mwaka 2013 waliingia Kickstarter, mtandao wa Marekani wa kuchangisha pesa, wakitaka dola 125,000 na wakapata zaidi ya 172,000. Habari yao ilikuwa kwamba Waafrika wametengeneza kifaa chao wenyewe kwa shida wanayoijua wao. Kickstarter ilikuwa mlango wa kulipia tu.

Habari yenu nyinyi ni ipi? Nimesoma ukurasa wenu wa mchango. Umejaa maneno kama “kuwawezesha kina mama” na “uchumi wa samawati”, na hakuna mahali panaposema ni samaki kiasi gani wanaoharibika. Hapo ndipo pa kuanzia, na ni kazi ya wiki mbili.

Nunueni daftari. Kila asubuhi, chombo kikifika, mmoja wenu asimame na mizani ya kuning'iniza aandike: tarehe, samaki gani (tasi, changu, simsim), kilo mlizonunua, na bei ya kilo. Jioni aandike kilo zilizouzwa, kilo zilizouzwa chini ya bei ya kununulia, na kilo zilizotupwa au kupewa paka. Fanyeni siku 14 mfululizo, pamoja na zile siku biashara ikiwa nzuri. Msiziruke. Mwandishi mjanja akiona daftari ambalo kila siku ni hasara atalitilia shaka, na ana haki. Mkimaliza mtakuwa na kitu ambacho nina hakika hakuna ofisi yoyote Mombasa iliyo nacho: hesabu ya diko moja, iliyoandikwa na wanawake wanaofanya kazi hiyo, kwa mkono wao. Lipigeni picha ukurasa mmoja, wenye madoa ya mafuta na yote. Picha hiyo ina thamani kuliko nembo ya kikundi.

Sasa kichwa cha habari. Kile mlichonitumia ni “Kikundi chazindua kampeni kabambe ya kuleta mapinduzi katika sekta ya uvuvi.” Kitupeni. Jaribuni hivi:

“Mama karanga wa Mtongwe wahesabu samaki wanaowaharibikia, sasa wataka friza yao”

Na aya ya kwanza:

“MTONGWE, MOMBASA, 21 Novemba. Wanawake wanaokaanga na kuuza samaki katika diko la Mtongwe walipoteza kilo (hapa tia hesabu yenu) za samaki kwa siku 14, kwa mujibu wa daftari waliloliandika wenyewe. Samaki hao waliuzwa kwa hasara au kutupwa kwa kuwa dikoni hapana friza ambayo kina mama wanaweza kuitumia.”

Angalia kilichofanyika. Nani, wapi, kiasi gani, kwa nini, vyote viko ndani ya sentensi mbili, na neno “mchango” halijatajwa. Aya ya pili ieleze siku ya mama karanga inavyokwenda, kwa ufupi: ananunua asubuhi, anakaanga alasiri, anauza barazani jioni, na kinachobaki hana pa kukiweka. Aya ya tatu ni maneno ya mtu. Hapa ndipo taarifa nyingi hufa, kwa sababu mwenyekiti hutiwa mdomoni maneno ambayo hakuna binadamu ameyasema: “tunafuraha kubwa kutangaza…” Muulizeni mama mmoja, simu ikirekodi, jana alirudi nyumbani na nini. Andikeni alivyosema, kwa Kiswahili chake cha Mtongwe. Msimsafishe.

Aya ya nne ndiyo ya mchango: friza mbili, ukubwa wake, bei yake, kiasi mlichokwishapata, tarehe ya kufunga, namba ya paybill (ya kulipia kwa M-Pesa) na jina litakaloonekana. Basi. Ukurasa mmoja, maneno 300 hadi 350. Chini muweke majina mawili na namba mbili za simu za watu ambao kweli watapokea. Mwandishi anayeandika kwa haraka akipiga mara moja na asipate mtu, anahamia kwenye habari nyingine.

Jambo moja nyeti. Najua, na nyinyi mnajua, kwamba dikoni wenye friza ni matajiri wa samaki, na kwamba samaki wa jioni huuzwa kwao kwa bei wanayoitaka wao. Mtashawishika kuliandika hilo kwa hasira. Lisemeni kwa upole: kina mama hawana friza yao, kwa hivyo hawana nafasi ya kungoja bei. Mkimtuhumu tajiri, mwandishi lazima amtafute ajibu, na habari itageuka ugomvi wa dikoni. Ugomvi unasomwa sana, lakini hauchangiwi. Na baada ya habari kutoka, nyinyi na tajiri mtaendelea kukutana pale pale.

Kuhusu wakati, mna bahati ambayo hamjaiona. Upepo wa kusi unaisha. Kaskazi ikishika, vyombo vya uvuvi vinatoka zaidi, samaki wanakuwa wengi, bei inashuka, na ndipo wanapoharibika zaidi. Na tarehe 21 Novemba ni Siku ya Uvuvi Duniani. Siku hiyo wahariri wanatafuta kitu cha uvuvi cha kuweka, na wengi wao wataishia kwenye hotuba ya afisa hotelini. Wapelekeeni taarifa yenu tarehe 18 au 19, mkiandika juu kabisa kwamba ni ya kutolewa tarehe 21, ili aliye na hamu apate nafasi ya kuvuka feri aje kuona. Daftari lianze mapema mwezi huo. Mchango nao upeni tarehe ya kufunga, tuseme 31 Desemba. Bila tarehe ya mwisho mwandishi hana sababu ya kuandika leo, na msomaji hana sababu ya kutoa leo.

Kabla ya hapo, jazeni sanduku. Hapa ndipo zinapoingia zile elfu 25. Msikilizaji akifungua ukurasa akakuta 70,000 kati ya 900,000, na majina ni ya shangazi na wajomba, anafunga. Akikuta robo au theluthi imeshafika, na wanachama wenyewe wametoa, anaona jambo linakwenda. Ningependa mfikishe laki mbili na nusu hivi kabla ya taarifa kutoka: wanachama, jamaa, wenye vyombo mnaowanunulia samaki, msikiti wa mtaa, chama cha akiba. Watu wa harambee wanalijua hili tangu zamani. Mgeni wa heshima haitwi mpaka kamati imeshatoa chake.

Mpelekee nani? Anza na redio. Mtu wa Pwani anayeweza kutoa mia mbili yuko kwenye matatu au jikoni, na redio iko wazi. Pwani FM ya KBC, Baraka FM, Radio Kaya, Radio Salaam, Radio Rahma: zote zina taarifa za habari na vipindi vya asubuhi vinavyotafuta wageni. Msitume kwa anwani ya jumla ya kituo peke yake. Sikilizeni wiki moja, mwandike jina la ripota anayefuatilia habari za bahari au biashara ndogondogo, kisha mtafuteni huyo. Kwa redio ongezeni sauti: rekodi ya sekunde 40 ya yule mama wa aya ya tatu, dikoni, mawimbi na kelele za wanunuzi zikisikika. Ripota akiwa na sauti tayari, nusu ya kazi yake imekwisha. Na taarifa yenyewe isomeni kwa sauti kabla ya kuituma. Sentensi inayokukata pumzi, ikateni.

Halafu Taifa Leo, kwa sababu ndilo gazeti la kila siku la Kiswahili na lina waandishi hapa Mombasa, na Shirika la Habari la Kenya, KNA, la serikali, ambalo watu hulisahau ingawa lina maripota hadi mashinani. Runinga ni ngumu zaidi: wanataka picha zinazotembea, kwa hiyo waalikeni saa 12:30 asubuhi vyombo vinapoingia. Saa nne asubuhi wakija watakuta mizani tupu. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yapelekeeni pia, kwa aya zilezile kwa Kiingereza, mkipata mtu wa kuwaandikia vizuri. Watu kumi mnaowajua majina wanatosha. Kila mmoja apate ujumbe wake, na aone jina lake.

Waandishi wa hapa wanafanya kazi kwa simu. Bandikeni maandishi ndani ya ujumbe wenyewe, si faili la kufungua. Picha tatu au nne, zilizopigwa simu ikiwa imelazwa, zitumeni WhatsApp kama dokumenti ili zisibanwe zikapoteza ubora, kila moja na maelezo ya nani anaonekana. Kila anayeonekana awe amekubali, na watoto waachwe nje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, adabu ingetosha. Baada ya siku moja pigeni simu mara moja, muulize kama ujumbe ulifika. Asipojibu, mwacheni.

Mtaulizwa “nauli”. Nakwambia mapema ili usishtuke. Korespondenti wengi wanalipwa kwa habari iliyotoka, na malipo ni madogo, kwa hivyo kuna anayefika akitarajia bahasha. Maadili ya Baraza la Vyombo vya Habari hayaruhusu mwandishi kulipwa na anayemwandika. Kwa upande wenu kuna sababu nyingine: pesa mlizochangiwa za friza hazina ruhusa ya kuwa bahasha, na siku itakapojulikana, mchango umekwisha. Wakaribisheni kwa kahawa na samaki wa kukaanga kama mnavyomkaribisha mgeni yeyote. Akikasirika akaenda zake, wako wengine.

Sasa uaminifu, maana hapa ndipo habari nzuri huharibika dakika ya mwisho. Wakenya wameibiwa sana kwa michango ya uongo. Ripota atauliza, na kama hataki kuuliza yeye, mhariri wake atamlazimisha: mmesajiliwa wapi? Pesa zinaingia kwa jina la nani? Friza itakuwa mali ya nani mtu akitoka kikundini? Ikiharibika nani ataitengeneza, na kwa pesa gani? Muwe na majibu yaliyoandikwa. Paybill iwe ya kikundi, si namba ya simu ya mwenyekiti, kwa sababu jina linalokuja kwenye ujumbe wa M-Pesa ndilo ushahidi pekee alionao mtoaji aliye mbali. Cheti chenu cha kikundi, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kipigwe picha kiwe tayari. Na kabla hamjatangaza redioni, mwendeeni afisa wa maendeleo ya jamii mumuulize kuhusu kibali, maana kukusanya pesa za umma kuna sheria yake, Sura ya 106. Bei ya friza iwe ya ankara ya muuzaji, isiwe makisio.

Umeniuliza pia kwa pembeni kuhusu kuhamia Kickstarter au GoFundMe ili kupata watu wa ng'ambo. Kenya haimo katika nchi ambazo mitandao hiyo inawakubali waanzishaji; wanaopita huko hutumia mtu au kampuni iliyo katika nchi inayokubaliwa. Kaeni kwenye mtandao wa hapa unaopokea M-Pesa, kama M-Changa, ambayo iko tangu mwaka 2012. Jamaa wa Dubai, Muscat na London wana njia za kutuma. Wanachokosa ni sababu ya kuamini.

Na kuna mwanakikundi wenu ambaye hakika atasimama mkutanoni aseme: mbona mwaka 2011 “Wakenya kwa Wakenya” walitafuta milioni 500 kwa ajili ya njaa na wakazipita haraka? Ni kweli. Lakini ule mchango ulikuwa na Safaricom, benki ya KCB, Msalaba Mwekundu na wenye vyombo vya habari wenyewe ndani ya kamati. Runinga hazikuhitaji kutumiwa taarifa. Zilikuwa ni wenyeji. Msijipime nao.

Mjipime kwa hili: habari ikitoka, siku hiyohiyo pesa zitakazoingia kutoka kwa wasikilizaji wasiowajua huenda zikawa chache, na mtavunjika moyo. Msivunjike. Chukueni kile kipande cha redio, au picha ya ukurasa wa gazeti, mkiweke juu kabisa ya ukurasa wa mchango, kisha kila mwanachama akitume kwa watu wake ishirini, mmoja mmoja, na maneno yake mwenyewe. Yule binamu wa Muscat aliyekaa kimya wiki tatu atafungua, kwa sababu sasa anayesema si wewe peke yako. Kwa ninavyoona, hapo ndipo taarifa inapolipa, na watu wengi hawafanyi hatua hii. Wanashangilia kusikika redioni wanalala.

Mkifika nusu, tumeni taarifa ya pili, fupi zaidi, kwa walewale walioandika ya kwanza. Friza zikifika dikoni, ya tatu, pamoja na daftari jipya la siku 14 lenye friza. Hiyo ya tatu ndiyo watakayoipenda kuliko zote, na ndiyo itakayowasaidia mkitaka kuchangisha tena.

Anzeni na daftari. Rasimu ikiwa tayari nitumie kabla ya tarehe 15 Novemba. Nitaipunguza, na usiniudhikie.